Dawa Aliyoiua Mama

Bangi haikuja Kisangani na hawa watoto wanaolala sokoni siku hizi. Nawasikia watu wa redio wakisema hivyo, na mjukuu wangu aliyesoma mpaka chuo anasema hivyo pia, ati ni mambo ya vita hizi za juzi, ya simu, ya filamu. Nikijaribu kumjibu ananikatiza, na mimi mtu akishanikatiza napotea, narudi kuanza na habari nyingine kabisa. Donc, basi, naandika. Karatasi haikatizi mtu. Nilisoma kidogo chuoni kwa mwalimu wa Kurani, kidogo kwa mapadri, kote niliondoka kabla ya kumaliza, kwa hiyo msomaji asitegemee maneno ya mbali.

Nataka kusema jinsi bangi ilivyoingia nyumbani kwetu, mwaka wa waasi, miaka michache baada ya uhuru, na jinsi mama yangu alivyopigania mtoto mmoja. Mtoto wa dada yangu.

Sisi ni watu wa kule kwenye mtaa wa Waislamu. Mababu walikuja na misafara ya zamani, wengine wakitembea huru, wengine wakiwa na kamba shingoni, na siku hizi wote wanasema babu yao ndiye aliyeshika kamba. Baba alikuwa fundi cherehani, mimi pia fundi cherehani, kwenye barza ya nyumba ileile. Nilizaliwa na mguu mmoja mfupi. Huo mguu nimeutukana maisha yangu yote, lakini ndio ulionifanya jeshi la serikali lisinitake, na waasi wasinitake pia.

Dada yangu aliolewa na mtu wa mto, Mkristo wa upande wa Isangi. Baba alinuna. Wazee wa msikiti walikuja kumbembeleza, akawapa chai na akaendelea kununa. Halafu yule mkwe akaja na samaki wa kukaushwa, samaki mkubwa kama mtoto wa shule, na baba akamtazama yule samaki muda mrefu, akasema, "Bon, mtu anayejua kukausha hivi hawezi kuwa mbaya sana." Ndiyo ilikuwa ndoa yenyewe. Walizaa mtoto wa kiume, halafu wengine wakafa wachanga, halafu wa kike.

Mkwe wetu alifanya kazi kwenye meli ndogo iliyokwenda Opala kwa mto Lomami. Baada ya uhuru, kila askari alikuwa na serikali yake. Meli ilisimamishwa njiani, wanaume wakateremshwa. Meli ilirudi. Yeye hakurudi, na begi lake likaletwa na mpishi wa meli ambaye hakutaka kukaa hata kunywa maji. Dada yangu alishikwa na homa mvua ileile ya kwanza. Tulimpeleka hospitali. Madaktari Wabelgiji walikuwa wamekimbia, alibaki muuguzi mmoja anayezunguka na ndoo ya maji na kitambaa, anawapangusa watu wote kwa kitambaa kimoja. Dada alifia pale. Baba yetu alikuwa ameshatangulia. Basi tukabaki mama, mimi, na wale watoto wawili.

Kwenye matanga walikuja ndugu za marehemu mkwe, kwa mtumbwi, kugawana vitu. Kaka yake mkubwa alichukua godoro, akachukua sufuria, akachukua redio isiyosema. Alipomaliza akautazama mlango wa nyumba ya dada. Mlango wa mbao nzuri, marehemu aliununua kwa Mzungu. Akaung'oa.

Mama akamuuliza, "Na watoto je, papa? Hawako kitu cha marehemu?"

Akasema, "Watoto iko na noko wao. Kwetu kule midomo iko mingi."

Noko ndiye mjomba, kwa lugha ya mto. Noko ndiye mimi. Wakauweka mlango juu ya mtumbwi, wakakalia juu yake, wakaenda. Watoto wawili wakasimama ukingoni wanautazama mlango wao unavyokwenda. Yule wa kike alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Wa kiume sauti yake ilikuwa inaanza kuvunjika. Akasema, "Noko, wakifika watagonga hodi?" Tulicheka, mama akacheka mpaka akakaa chini. Alikuwa mtoto wa namna hiyo. Alikuwa anazungusha gurudumu la cherehani yangu huku akiigiza wateja, mwendo wao, kikohozi chao, hasa yule mke wa karani aliyetaka gauni la kubana na huku tumbo haliko tayari. Mama, ambaye wao walimwita koko, ndivyo tunavyomwita bibi, alimlea kama yai. Alikuwa bado anamsugua mgongo wakati wa kuoga na yeye ameshaanza kuota ndevu za paka.

Halafu waasi wakaja.

Sitasema siasa, siijui. Nasema nilichokiona kutoka kwenye barza yangu. Niliona askari wa serikali wakipita mbio, wengine na kiatu kimoja. Nyuma yao wakaja vijana na watoto, vifua wazi, majani ya mchikichi mikononi, wanaimba. Mji ulishangilia. Na mimi nilishangilia, kwa nini niseme uongo? Tulidhani sasa sukari itapatikana. Mtoto wetu alikuwa amesimama kando yangu, gurudumu mkononi. Niligeuka kuchukua uzi, nilipogeuka tena gurudumu lilikuwa linazunguka lenyewe.

Alipotea siku kadhaa. Aliporudi, kifua kilikuwa na chale mbichi zilizopakwa unga mweusi, na bunduki begani, ndefu, inamgonga kisigino. Mama alitoka jikoni mbio, mikono mbele.

"Koko, simama hapo hapo!"

"Nisimame wapi?"

"Hapo. Usiniguse. Nimepata dawa. Risasi ikija inakuwa maji. Lakini mwanamuke akinigusa, dawa inakufa."

"Mwanamuke? Mwanamuke gani? Mimi niliyekupangusa mavi?"

"Koko, iko sheria."

"Sheria ya nani?"

"Ya daktari."

"Daktari yule mwenye manyoya ya kuku kichwani? Alors na mimi niko daktari. Nilikutoa minyoo mirefu kama kamba ya viatu, wote hapa mtaani waliiona."

Mdogo wake alicheka. Hata kijana mwenyewe alitaka kucheka, niliona shavu likicheza. Lakini alirudi nyuma hatua moja, na mama akaona hiyo hatua, na mikono yake ikashuka.

Sheria zenyewe zilikuwa hivi. Asiguswe na mwanamke. Asile chakula kilichopikwa na mwanamke. Asimpe mkono mtu asiyeoshwa kwa dawa. Vitani asiangalie nyuma. Na kabla ya kwenda vitani, wote wanavuta bangi, waliyoikunja ndani ya jani kavu la mahindi, mkubwa anampa mdogo, mpaka mkono unaacha kutetemeka. Kwetu bangi ilikuwa inajulikana, nisidanganye. Wazee wawili watatu wa kule mtoni walivuta kwenye buyu, jioni, wakalala. Kumpa mtoto, hilo hatukuwa tumeliona.

Alikuja karibu kila siku, sababu mimi nilikuwa nawashonea. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mwaka ule, kushona ngozi. Ngozi ya nyani kwenye kofia, utepe wa ngozi ya swala kwenye mkono wa shati, kipande cha chui kwa wakubwa. Ngozi inaua sindano. Na inanuka, hata leo nikipita mahali wanapochuna mbuzi natafuta cherehani kwa mkono. Walikaa kwenye barza yangu wakisubiri, watoto tupu, na nilipowauliza wazazi wao wako wapi, huyu alisema wa kwake waliuawa na askari, huyu hakumbuki, huyu alitazama tu. Walikuwa mayatima karibu wote. Mwenye mama wa kumvuta sikio alikuwa hayuko pale.

Wa kwetu mwanzoni alikuwa anacheka ovyo. Baadaye akaacha kucheka. Macho yakawa mekundu kama ya mtu aliyelala kwenye moshi. Nilimtajia yule mke wa karani, ili amwigize. Akaniuliza, "Mke gani?"

Siku moja, mchana, alilala ameketi, mgongo ukutani, bunduki mapajani. Mdogo wake alizoea kumtoa funza miguuni. Walikuwa hivyo tangu mama yao alipokufa, yeye anamsuka yule wa kike nywele vibaya, yule wa kike anamtoa funza. Basi msichana akaona kidole cha kaka yake kimevimba. Akachukua pini yangu moja, akachuchumaa, akashika mguu.

Aliamka na bunduki ikaamka naye. Akaielekeza usoni kwa mtoto. Aliyatoa macho lakini hakuwa anamwona, alikuwa anaona kitu kingine pale pale alipochuchumaa mtoto. Mtoto hakulia. Alikuwa bado ameshika mguu, na pini mkononi. Mimi nilikuwa na ngozi ya nyani kwenye sindano. Mama akatoka jikoni. Hakusogea. Alipiga makofi polepole, yale makofi tunayopiga kumtembeza mtoto anayejifunza hatua, akamwita kijana kwa jina la utoto wake, jina ambalo wakubwa hawaitwi. Akaita, akaita. Bunduki ikashuka.

"Nilidhani nyoka," alisema.

Alipoondoka, mama aliniambia, "Ataua mdogo wake. Na akishamuua ataamka, ataona alichofanya. Nani atamrudisha kutoka hapo?"

"Tufanye nini?"

"Nitaiua hiyo dawa."

Mawazo ya mama yalikuwa hivi, na wanawake wote wa mtaa walifikiri vilevile, tena na mimi nilifikiri vilevile. Dawa ndiyo inayomshika. Chale, maji ya daktari, manyoya, bangi, vyote ni chungu kimoja. Ukikivunja, vyote vinamwagika. Waasi hawatamtaka mtu asiye na dawa, watamfukuza, atarudi kwetu kama alivyokuwa, atazungusha gurudumu. Hatukujua kwamba ndani ya kile chungu kulikuwa na kitu kinachoweza kuishi peke yake.

Jirani yetu mmoja alikuwa mzee aliyempikia hakimu Mbelgiji miaka mingi. Waasi walimchukua awapikie, sababu chakula cha mwanamume kinaruhusiwa. Mama alimwita nyuma ya nyumba.

"Papa, nitapika mimi. Wewe utabeba, utasema umepika wewe."

"Mama, wataniua."

"Wewe ni mzee, utakufa hata hivyo."

"Asante kwa kunifariji."

"Mtoto wangu ni yatima, papa. Wako ni wakubwa, wana watoto wao."

Yule mzee alikuna kichwa. Aliuliza kitu kimoja tu, kama anaweza kuonja kwanza, maana kwa hakimu alizoea kuonja.

Mama alipika kama kwa harusi. Ndizi akazitwanga na mawese kidogo mpaka zikawa lituma laini, ya rangi ya dhahabu. Samaki akamfunga kwenye majani pamoja na mbika, zile mbegu za boga zilizosagwa, na pilipili kidogo, kwa namna yake. Kijana alipokuja, mpishi akamletea kwenye barza. Akasema kwa sauti ya kusoma shule, "Nimepika mimi."

Alikuwa na njaa. Alikula tonge, na la pili. Halafu akasimamisha mkono. Akatazama sahani, akatazama mlango wa jikoni, ambao ulikuwa umefungwa. Nilimwona akijua. Hakuna mtu aliyeonja mbika ya mama yangu utotoni akashindwa kuijua. Nikangoja ateme, atukane, achukue bunduki. Aliinamisha kichwa, akaendelea kula. Alikula yote, akapangusa sahani kwa kidole.

Mama hakuweza kuvumilia, alitoka. Akamshika uso kwa mikono miwili.

"Nimekushika. Imekwisha. Dawa yako imekufa, baba. Kaa nyumbani."

"Koko, umeniua," alisema, na alilia. Alilia kama mtoto, makamasi yote, na mama akampangusa kwa kanga. Alilala ndani mchana ule, kwenye mkeka, na mdogo wake alikaa miguuni kwake. Mama alitembea ndani ya nyumba kama msichana. Akaniambia, "Umeona?"

Kabla jua halijashuka wenzake walikuja. Walisimama njiani wanapiga mluzi. Magari ya serikali yalikuwa yanakaribia kutoka kusini, ng'ambo ya mto, na Wazungu wa kukodiwa ndani yake, na kikosi chao kimeamriwa kwenda kuyazuia. Mtoto aliamka akaja kwangu kwa magoti.

"Noko, nifiche."

Nimfiche wapi? Walijua ameingia. Walikuwa wamechoma nyumba za watu kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Na kusema ukweli, kwamba dawa imekufa, hakuweza. Aliyepoteza dawa ndiye anayesemwa kuwa amewaua wenzake. Walishampiga mmoja kwa sababu hiyo, kule mtoni, na hakuinuka. Kuoshwa upya pia haikuwezekana, daktari mwenyewe alikuwa ameshakimbia na wakubwa. Mama akasema atatoka awaambie yeye. Mtoto akamziba mdomo kwa mkono wake.

Akakaa kwenye kizingiti. Akatoa mfuko wake mdogo, akaufungua.

"Bon. Kimebaki hiki tu," alisema.

Akakunja, akavuta. Akakunja tena. Mama alimwambia, inatosha. Aliendelea mpaka moto ukafika kwenye vidole, na vidole havikuusikia, mimi ndiye niliyesikia harufu ya ngozi. Akainuka, akaenda nao.

Wenzake wote walikufa. Wale wenye dawa nzima, ambao hawakuguswa, ambao hawakula kwa mwanamke, walisimama katikati ya barabara wakipiga kelele "Maji! Maji!", na bunduki kubwa zikawapangusa. Yeye alijua hana dawa, kwa hiyo alijua kuogopa, na moshi ukaupunguza ule woga kiasi cha kumwezesha kutambaa. Alijitupa shimoni. Alivuka mto na mvuvi mmoja, akarudi kwetu amepakwa matope mpaka kwenye meno.

Mama alimshukuru Mungu kwa sauti. Alichinja kuku. Alisema, kama nisingeiua ile dawa angesimama nao. Na ni kweli, hata leo nakubali ni kweli.

Lakini mtoto alifanya hesabu nyingine. Aliniambia mimi, wakati ninampunguza nywele zilizojaa matope.

"Wao walikuwa na dawa na bangi. Mimi nilikuwa na bangi tu. Noko, donc iliyoniokoa ni ipi?"

Nilimgeuza kichwa upande wa pili. Nikaendelea kukata.

Halafu askari wakadondoka kutoka angani na miavuli, na serikali ikarudi, na kila mwanamume alifunguliwa shati kutafutwa chale. Mwenye chale hakuulizwa swali la pili. Tulimlaza, mama akampaka udongo mweupe mwili mzima na vidonda vya uongo vya mawese na makaa. Askari walipoingia, mama akasema, "Karibuni, ndui hiyo, jana tumezika dada yake." Walitoka kwa kusukumana. Yule dada yake aliyezikwa jana alikuwa chini ya kitanda, anasikiliza.

Nikisema hayo watu hucheka, na mimi hucheka. Halafu nakumbuka yaliyofuata.

Mji ulijaa watoto. Ukifungua mlango asubuhi, mtoto kizingitini. Watoto wa waliouawa na waasi, watoto wa waliouawa na waliowaua waasi, wote walilala pamoja, hawakuulizana. Nyuma ya mtaa wetu kulikuwa na nyumba ya mfanyabiashara Mgiriki aliyekimbia, haina paa upande mmoja. Walijaa mle. Na wetu akahamia kushinda mle, sababu wale hawakumuuliza maswali. Alijua pa kupata bangi. Alijua kuikunja. Aliwapa wakati wa njaa, maana inasahaulisha tumbo, na wakati wa kulia, maana inasahaulisha mengine. Wakamwita papa. Hana ndevu za kunyoa, ana watoto wa kumwita papa. Waliiba muhogo, waliiba nguo kambani, mpaka shuka la kumfunikia maiti waliiba, na watu walikuja kwangu kunidai mimi noko wake. Waliochoka kudai walianza kuwapiga. Mtoto mmoja alivunjwa mkono na baba wa watu, mtu mzuri, mwenye swala tano. Mji uliowaonea huruma mwezi ule, baadaye uliwaogopa, na mtu anachokiogopa hakigawii chakula.

Siku ile ninayoiogopa kuiandika ni hii. Mama alirudi sokoni akamkuta yule wa kike amelala sakafuni, mchana, macho nusu wazi, anatabasamu. Mama akamwita. Akamnyunyizia maji. Akampiga nyayo. Mtoto anatabasamu tu, ute unamtoka. Kaka yake alikuwa ameketi pembeni, amemshika mkono.

"Nilimpa kidogo tu, koko. Kila akifumba macho alikuwa anaona bunduki. Alikuwa analia."

Alisema kwa upole. Ndicho kilichotumaliza. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anamtibu.

Msichana aliamka jioni, akatapika. Mama alikaa naye mpaka akapata usingizi wa kawaida. Kesho yake nilisema kile ambacho mwanamume mwenye nyumba anapaswa kusema, kwamba kijana atoke, asikanyage hapa tena. Nilisema kwa ukali. Mama alinisikiliza. Halafu akachukua mkeka wake, akachukua chungu, akachukua kanga ya pili.

"Wewe baki na huyu," alisema. "Mimi nakwenda na yule."

"Mama, utaishi kwenye lile gofu? Na wavuta bangi?"

"Huyu ana noko. Yule ana nani?"

"Watu watasema nini?"

"Waambie mama yako amepata wajukuu wengi."

Basi mama yangu, mwanamke mwenye heshima, aliyehesabiwa kwenye kila harusi ya mtaa, alikwenda kulala kwenye nyumba ya Mgiriki isiyo na paa. Aliwapikia wote, alichopata, majani, mihogo niliyompelekea. Alimwamsha mjukuu wake alfajiri na kumshusha mtoni kuoga. Alimpeleka kwa mganga mmoja kule Bengamisa, wakakaa huko msimu wa kulima, na aliporudi alikuwa ameacha. Kweli aliacha. Alinenepa. Alikuja kwenye barza, akakaa kwenye cherehani, akashika gurudumu, na mdogo wake aliacha kucheza akaja kusimama mlangoni kumwangalia. Nikajiambia, imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Aliacha kulala. Alikonda tena bila kuvuta chochote. Siku moja, nashona sare ya shule, alisema bila kunitazama:

"Noko, nikiacha, wanakuja."

"Nani?"

"Wenzangu. Wanakaa hapa kwenye barza, pale walipokuwa wanakaa. Wanauliza kwa nini mimi."

"Uwaambie ni Mungu."

"Nawaambia. Wanasema hapana, ni koko. Wanasema koko yako alikupikia wewe peke yako."

Juma lile akarudia. Aliuza chungu cha mama ili apate ya kuvuta, na mama akapikia kwenye bati. Halafu akasema anakwenda Opala na watu wa mitumbwi, kuna kazi. Kule bangi inalimwa msituni, hatukuhitaji kuelezwa kazi gani. Mama alimfungia lituma kwenye majani. Alimsindikiza mpaka majini, na alisimama pale hata baada ya mtumbwi kupinda kona ya mto.

Nilimfuata mama. "Sasa rudi nyumbani. Hayupo tena."

"Na akirudi akakuta nyumba ya Mgiriki tupu?"

"Atakuja kwetu."

"Ulimkataza kwako," alisema. Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayekumbusha njia.

Alikaa mle na wale watoto wengine. Aliuliza kila mtumbwi kutoka Lomami. Mmoja alisema amemwona, ni mkubwa, ana mke. Mwingine alisema amekufa kwa kifua. Mama alichagua kumwamini wa kwanza, lakini alikuwa anakohoa na yeye, moshi wa wale watoto na moshi wa kuni mbichi, na msimu mmoja wa mvua akaja mtoto mbio kwenye barza yangu akasema, "Koko haamki."

Wazee wa msikiti walikuja kumzika, sababu alikuwa mtu wao hata hivyo. Tulipotaka kuinua jeneza, wale watoto wa gofu wakajipanga, wachafu, macho mekundu, wananuka. Mzee mmoja akawafukuza kwa fimbo.

"Wavuta bangi hawabebi maiti ya Muislamu!"

Mkubwa wao akamjibu, "Papa, sisi tuko watoto wake. Wewe uko nani yake?"

Mzee akanitazama mimi, niamue. Nikasema wabebe.

Walibeba. Walikuwa wamevuta, walikuwa hawajui kwenda pamoja, mmoja mrefu mmoja mfupi, jeneza lilikuwa linayumba kama mtumbwi kwenye maporomoko. Mimi nilichechemea kando, mkono juu, nikiogopa litaanguka. Msichana, mdogo wa yule aliyekwenda Opala, alinishika kanzu. Kila waliobeba wakibadilishana, na wengine wakiingia chini ya jeneza kutoka pembeni ya njia, aliinua kichwa akatazama uso wa mgeni, halafu wa mwingine. Na mimi nilikuwa natazama. Tulitazama hivyo mpaka makaburini.